Orodha Niliyoiandikia Ruta ya Basoko

Siku ile mliponiaga kwa lituma, zile ndizi za kupondwa, na samaki, wenzangu mliobaki kazini, mliniomba niandike namna tulivyokuwa tukiunganisha vituo kabla ya antena hizi mnazoziwasha leo na kuzisahau. Nimekubali kwa sababu sasa nina muda, na kwa sababu mke wangu amechoka kunisikia nikilisimulia jambo hilo kila tukikaa mezani. Habari za vyeo sitaziandika. Viko kwenye faili, na panya wa ofisi walishavisoma kabla yenu. Nitaandika jinsi nilivyoijua kazi, na aliyenifundisha, na kosa moja ambalo wengi wenu mmelisikia nusunusu.

Wazazi wangu walitoka Maniema, mimi nikazaliwa hapa Kisangani, Kabondo. Jina langu ni Ramazani, lakini kazini hakuna aliyewahi kulimaliza. Kwenu wote nilikuwa Rama, na baadaye Papa Rama. Shirika letu la afya liliniajiri kutunza redio za kuongea na vituo vya mtoni, zile tulizoziita phonie. Nilijua kuchomea waya kwa risasi, kupima betri, na kupanda mnara bila kutazama chini. Hayo ndiyo niliyokuwa nayo asubuhi ile masanduku ya ruta yalipofika, nikaambiwa nimfuate Papa Bolamba.

Papa Bolamba alikuwa Mlokele wa upande wa Yanonge, mtu mfupi, mkimya, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye simu za waya za mji, mpaka waya zenyewe zikatoweka kwenye nguzo na kurudi sokoni zikiwa bangili. Nilitegemea atanipa kitabu. Alinipa kiti. Akafungua sauti ya modemu, kifaa kinachoipigia ruta simu, akaiambia ruta ipige Isangi. Ikalia milio yake, mara nyembamba, mara ya kukwaruza, kisha ikakatika. Akaniuliza, “Imefia wapi?”

Sikujua. Akapiga tena. Siku tatu sikugusa kitu, nilisikiliza tu. Siku ya nne niliweza kumwambia kama simu ilikufa kabla ya kufika angani, au ilifika ikakosa wa kuipokea, au ilipokelewa ikakataliwa mlangoni kwa sababu ya neno la siri. Ndipo akanipa bisibisi.

Kazi yenyewe naieleza kwa ufupi kwa ajili ya wale ambao hawakuiona. Ruta ni kisanduku kinachochagulia ujumbe njia. Tulikuwa na ruta moja Kisangani na moja katika kila kituo, na nyuma ya kila ruta modemu iliyounganishwa na simu ya satelaiti. Laini haikukaa wazi, ililala. Mtu wa Isangi akituma barua kwa kompyuta, ruta yake inaitazama kwanza: hii inastahili kupigiwa simu? Ikistahili, ruta inapiga namba ya Kisangani yenyewe, bila mkono wa mtu. Ruta ya Kisangani inapokea, inauliza jina na neno la siri, halafu barua inapita. Zikikaa dakika mbili bila kusemezana, zinakata. Yote yalichukua muda wa kukoroga chai, kama yalikubali. Yakikataa, yalichukua wiki.

Nakumbuka Isangi ilivyokataa mara ya kwanza. Simu ilifika, ikapokelewa, ikafukuzwa. Tulipanda mtumbwi wa mota, tukafika, tukafungua kila kitu, tukabadili hata waya ambazo hazikuwa na kosa. Kumbe upande mmoja jina la kituo lilianza kwa herufi kubwa, na upande wa pili kwa herufi ndogo, na kwa ruta hao ni watu wawili tofauti. Papa Bolamba alirekebisha herufi ile, akafunga mfuko wake, akasema tukale. Katika safari nzima hakunilaumu, ingawa aliyeandika jina lile ni mimi.

Mara nyingine Kisangani na Isangi zilikuwa zikipigiana kwa wakati mmoja. Kila moja inakuta mwenzake anaongea, inakata, inangoja sekunde kumi na tano, inapiga tena, na mwenzake naye amengoja sekunde kumi na tano zilezile. Zingeweza kuendelea hivyo mpaka leo. Niliipa Isangi sekunde arobaini, wakasikilizana. Mambo kama haya yalinifanya nijione nimeiva.

Ndipo tukaunganisha Basoko.

Basoko iko mbali, chini ya mto, pale mto Aruwimi unapoingia mto wetu mkubwa, na wakati ule mtandao wa simu za mkononi ulikuwa haujafika. Kituo chetu pale kilikuwa na ofisi na nyumba ya uzazi, na laini yao tangu mwanzo ilikula dakika kama moto. Kila kituo kilikuwa na dakika zake za mwezi. Zikiisha, laini inanyamaza mpaka mwezi mwingine. Basoko walimaliza zao kabla mwezi haujafika nusu. Nilipochungulia kutoka Kisangani niliona ruta yao ikipiga kila dakika chache, mchana na usiku, wala hakuna barua inayopita. Kompyuta ya ofisi ndiyo iliyokuwa ikiiamsha. Mara iulize saa ngapi, mara iulize majina ya kompyuta za jirani, mara itafute programu mpya ambazo hakuna aliyezihitaji. Ruta ilikuwa inaona kila swali ni jambo la kupigia simu.

Dawa yake ni orodha. Unaiandikia ruta kinachostahili kuamsha laini na kisichostahili. Niliandika mistari miwili. Wa kwanza ulisema: kompyuta ya ofisi ikituma barua, piga. Wa pili ulisema: vingine vyote, usipige. Na kwa kuwa nilisikia wafanyakazi wa kule walikuwa wakichomoa simu ya satelaiti ili wasalimie ndugu zao, katika safari iliyofuata nilifungia simu ile kwenye kisanduku cha chuma, nikarudi Kisangani na ufunguo mfukoni.

Mwezi ule dakika za Basoko zilibaki. Mkurugenzi wetu, daktari mwenye haraka lakini si mtu mbaya, alinishika mkono mbele ya mkutano mzima. Papa Bolamba alikuwa Lubunga kwa msiba wa dada yake. Nimezoea kujiambia kwamba angekuwepo angeuliza swali moja na mambo yote yangeenda vingine. Labda hangeuliza. Ni rahisi kumpa mtu hekima wakati hayuko.

Miezi ikapita. Nyumba ya uzazi ya Basoko ikapata kompyuta yake, iliyotumika mahali pengine, betri yake ya ndani imekufa kiasi kwamba kila ikizimwa inasahau tarehe. Mimi mwenyewe niliitayarisha. Niliweka programu ya barua, nikaipa namba ambayo ruta ingeitambua kwayo, nikaifunga kwenye boksi, nikasaini itoke. Haikunipitia akilini kwamba namba ile haimo kwenye orodha.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo hata fundi mzuri anapopotea. Orodha ile haizuii barua kupita. Inazuia kuamsha laini tu. Laini ikiwa tayari imeamshwa na mwingine, kila mtu anapita. Kwa hiyo barua za nyumba ya uzazi zilikuwa zinafika, siku zote za kazi, kwa sababu ofisi ilituma na kupokea tangu asubuhi mpaka jioni, na za uzazi zilipita nyuma yake. Hakuna aliyelalamika. Mimi nilipoona zinafika, nilijua kazi yangu ni nzuri.

Mkunga mkuu wa pale alikuwa Mama Véronique, mwanamke wa Basoko kabisa, aliyezalisha nusu ya watoto waliokuwa wakikimbia kwenye ua wa kituo. Jumamosi moja, baada ya ofisi kufungwa, aliletewa mwanamke anayeitwa Bolumbu, mke wa mwuza mafuta ya mawese, Lisungi, kutoka kijiji cha juu ya Aruwimi. Mtoto alikuwa amekaa vibaya na uchungu ulikuwa umechukua siku nzima. Alihitaji kupasuliwa, na kwa shirika letu mpasuaji alikuwa Kisangani tu. Phonie ya Basoko ilikuwa imeungua majuma mawili kabla. Tulikuwa tumewaandikia wasiwe na wasiwasi, wana kompyuta. Simu ya satelaiti ilikuwa kwenye chuma changu.

Mama Véronique aliandika barua kwenye kompyuta yake. Aliomba chombo chetu cha mwendo kasi kishuke kutoka Kisangani, kimpokee mgonjwa njiani, na damu iwe tayari. Alitaja beach moja ya wafanyabiashara, mahali mitumbwi inapopumzika kabla ya Isangi. Akabonyeza. Kompyuta ikamwandikia kwamba barua imekubaliwa. Akamwambia Lisungi apande na mkewe mtumbwi wa mfanyabiashara mmoja, wafike pale beach, wangoje. Chombo kitawakuta Jumapili asubuhi.

Walifika Jumapili asubuhi, wakangoja. Lisungi alinisimulia baadaye kwamba alisimama ukingoni akitazama juu ya mto, na kila mlio wa mota aliousikia alimwambia mkewe, ni hawa. Ilipofika saa nane mchana mwenye mtumbwi akamwambia mke wako atakufia hapa. Wakaendelea na mota yao dhaifu. Waliingia Kisangani Jumatatu asubuhi, bandarini hakuna anayewangoja. Lisungi akatafuta toleka, baiskeli za kubeba watu, akampakiza mkewe akiwa amemshikilia kutoka nyuma huku akitembea. Hospitalini damu haikuwa tayari. Bolumbu alipona. Mtoto, mvulana, alikuwa ameshakufa.

Asubuhi hiyohiyo, saa mbili na dakika chache, karani wa Basoko alifungua ofisi yake, akawasha kompyuta, laini ikaamka, na barua ya Mama Véronique ikaanguka Kisangani. Tarehe iliyokuwa juu yake ilikuwa ya miaka ya nyuma, wakati ambao hata kituo hakijajengwa. Kwa hiyo haikumsaidia. Kilichoonekana ni kwamba ilifika Jumatatu. Lisungi alikuwa ameshasema mbele ya watu hospitalini kwamba yule mkunga aliwatuma wakangoje hewa. Wengi wetu tulihitimisha bila kusema kwamba alisahau kuandika, na Jumatatu, alipoona mambo yameharibika, akaandika haraka. Saa sita mchana barua ya kumsimamisha kazi ilikuwa imeshapigwa. Ingetumwa kwa laini ileile. Mkurugenzi aliniita, akaniambia nizime na kuwasha kila kitu kwanza, Kisangani na Basoko, ili isipotee tena barua.

Nilikwenda chumba cha mashine kufanya alivyoniambia. Kabla ya kuizima ruta ya Basoko niliifungua nione hali yake, kwa mazoea tu. Ruta ina kumbukumbu ndogo ya mambo iliyoyafanya, kwa saa yake yenyewe isiyotegemea kompyuta, na ukiizima inafutika. Nilikuta mstari mmoja umejirudia mpaka kioo kikajaa, nikashuka, kikajaa tena. Kompyuta ya nyumba ya uzazi ilikuwa imeomba laini. Imekataliwa. Dakika kumi baadaye imeomba tena. Imekataliwa. Nikashuka mpaka mwanzo. Ombi la kwanza lilikuwa la Jumamosi, saa nane na nusu mchana. Barua ile haikulala hata mara moja. Ilibisha hodi siku mbili, na aliyeiambia ruta isifungue ni mimi.

Niliandika amri ya kuzima na kuwasha. Ilikuwa imebaki kubonyeza. Kama ningebonyeza, ingekuwa nimefanya tu kile mkurugenzi alichoniamuru, na duniani pasingebaki mahali pengine palipoandikwa jambo lile. Sitawadanganya kwamba niliwaza haki. Niliwaza watoto wangu wanne, na mkono wa mkurugenzi siku ile ya mkutano, na kwamba mtoto wa Lisungi hatarudi hata nikisema. Nilikaa hivyo muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Papa Bolamba aliingia kuchukua mfuko wake. Alisimama nyuma yangu, akainua miwani, akasoma. Alisoma polepole, kama alivyosoma kila kitu. Kisha akaniuliza kwa sauti ileile ya siku ya kwanza, “Imefia wapi?”

“Imefia kwangu, papa.”

Akavuta kiti, akaketi. “Bon,” akasema. “Andika vile iko. Saa zote, mistari yote. Mi nitakusomea, we utaandika.”

Mashine ya kuchapa haikuwa na wino, basi tuliandika kwa mkono. Alinisomea saa moja baada ya nyingine, sauti yake haipandi wala kushuka. Tulipomaliza, nilifuta ile amri bila kuibonyeza, nikaenda na karatasi kwa mkurugenzi.

Alisoma ukurasa wa kwanza, akauliza ukurasa wa pili una nini, nikamwambia ni vilevile. Akauliza kama kuna mtu mwingine anayeweza kusoma vitu hivi ndani ya ruta. Nikamjibu, Papa Bolamba na mimi. Sijui aliuliza akiwaza nini, na sikuwahi kumwuliza. Halafu akaichukua barua ya kumsimamisha Mama Véronique, akaikunja mara nne, akaitia kwenye droo, akaniambia niende nikamwambie mume wa mgonjwa mwenyewe, kwa kinywa changu, kabla hajayasikia kwa mwingine. Adhabu niliyopewa iko kwenye faili, karibu na vyeo.

Lisungi nilimkuta nje ya wodi, amekaa kwenye ukuta mdogo, anamenya chungwa kwa ajili ya mkewe. Mtu mkubwa, mikono ina alama za mafuta ambazo hazitoki. Nilijitambulisha. Nikajaribu kumweleza ruta, na laini, na orodha, nikaona mwenyewe kwamba maneno yangu yanapita pembeni yake kama maji. Akanyanyua mkono ninyamaze.

“Donc barua iliandikwa?”

“Iliandikwa, papa. Samedi, saa nane na nusu.”

“Ule mama aliandika.”

“Aliandika. Mashini njo ilikatala kuipeleka, na mimi njo niliambia mashini ikatale. Sikujua. Lakini ni mimi.”

Aliendelea kumenya. Nikangoja anipige, na nadhani ningeona nafuu. Hakunipiga. Aliniuliza jina langu, nikamwambia. Aliniuliza kama nina watoto. Nikamwambia wanne. Akatikisa kichwa polepole, akasema, “Mi nilimutukana ule mama mbele ya batu. Nilituma maneno mpaka Basoko. Kule batamuita muuaji.” Akasimama na chungwa lake, akaingia wodini. Hakuniaga. Sikustahili kuagwa.

Bolumbu alipoweza kusafiri, shirika liliwapa nafasi kwenye chombo chetu, na mimi nilikuwa na kazi Basoko, kwa hiyo tulishuka mto pamoja. Bolumbu alilala chini ya turubai, Lisungi akamkinga jua kwa mwili wake, na mimi nilikaa nyuma na masanduku yangu. Tulipopita ile beach ya wafanyabiashara Lisungi alitazama upande wa pili. Bolumbu aliinua kichwa, akaitazama mpaka ikapotea nyuma yetu.

Tulipofika Basoko, Lisungi hakupumzika. Alikwenda moja kwa moja kwenye ua wa kituo, wakati wanawake wa kliniki wamejaa kwenye benchi na Mama Véronique anapima mtoto kwenye mizani. Alivua kofia. Alichosema sikukisikia chote, kwa sababu nilibaki mlangoni na sanduku begani, lakini alikisema kwa sauti kubwa, kwa lugha ya pale na kisha kwa Kiswahili, ili wote waliopo wakielewe. Wanawake wale hawakupiga kelele wala makofi. Mmoja alisogea kwenye benchi, Bolumbu akakaa. Mama Véronique alimaliza kumpima yule mtoto, akamrudishia mama yake, ndipo akamshika Bolumbu mikono yote miwili.

Mimi aliniona baadaye. Nilikuwa nimejiandaa na maneno, nikayasema. Alinisikiliza amesimama, kitambaa cha kazi mkononi.

“We ulikuya huku mara mbili,” akasema. “Mara ya kwanza ulileta mashini ya bureau ya karani. Mara ya pili ulifunga simu. Mi nilikuwa hapa siku zote mbili. Haukuniuliza kitu.”

“Ni kweli, mama.”

“Ungeniuliza tu.”

Hakunipa msamaha niliokuja kuutafuta. Nilifungua kile kisanduku cha chuma, nikamkabidhi ufunguo mkononi. Kisha nikaomba kiti, nikatoa daftari, nikamwuliza anatuma nini, kwa nani, siku gani, na saa ngapi. Alinitazama kana kwamba anapima kama nastahili jibu. Halafu akaanza. Alieleza damu na dawa, na orodha za chanjo za kila Ijumaa, na namna Jumapili ndiyo siku mbaya kuliko zote kwa sababu watu hungoja ibada iishe ndipo wamlete mgonjwa. Alieleza vitu ambavyo hakuna ruta duniani ingeniambia. Wagonjwa walikuja, akainuka, akawahudumia, akarudi akaendelea mahali alipoachia. Niliandika kurasa saba.

Orodha mpya ilikuwa ndefu. Dakika ziliisha mapema kidogo kila mwezi, na mkurugenzi hakulisema tena mkutanoni. Niliongeza na kitu kingine ambacho Papa Bolamba alikipenda: kila ruta ilipiga Kisangani mara nne kwa siku, kuwe na barua au kusiwe, Jumapili pia, na kituo kikikosa kupiga, sisi ndio tulioanza kuuliza. Na ni kwa sababu ya kurasa zile saba kwamba wale mliofanya kazi na mimi Isangi na Bafwasende mlikasirika kuona nazunguka kwanza chumba hadi chumba na daftari, naongea na mfagiaji na mtu wa maabara, wakati nyaya bado ziko kwenye boksi. Mlidhani ni uzee. Nilikuwa na miaka thelathini na minne nilipoanza kufanya hivyo.

Papa Bolamba alistaafu, akarudi Yanonge, na huko alifariki kwa amani kati ya wajukuu. Mama Véronique alifanya kazi miaka mingi baada ya hapo. Tulisalimiana vizuri, na mara moja alinipa samaki wa kukaushwa niwapelekee watoto, lakini jambo lile hakulitaja tena wala mimi sikulitaja. Lisungi na Bolumbu sikuwaona tena. Nilisikia kutoka kwa wauza mafuta kwamba walipata binti. Sikumwuliza mtu athibitishe.

Halafu zikaja antena kubwa, na simu za mkononi, na laini zisizolala. Tulizima ruta zetu moja moja. Kuzima ni kazi kama kazi nyingine: unahakikisha hakuna anayeitegemea, unaandika namba yake, unazima, unangoja siku chache usikie nani analia. Basoko niliiacha ya mwisho kwa makusudi. Nilikuwa nimeiweka kando ya antena mpya kama akiba, ili antena ikianguka ipige yenyewe, na nikawa naitazama mara moja kwa juma. Ilikuwa imepiga mara kadhaa, wakati wa mvua na radi, ikapeleka kilichotakiwa kupelekwa, ikakata.

Mwezi wangu wa mwisho kazini nilimpigia simu mkunga wa sasa wa Basoko, mama kijana ambaye hatujawahi kuonana. Nilimwuliza maswali yote, chumba kwa chumba. Nikamwambia ile laini ya zamani, inayopiga simu kwa satelaiti antena ikikatika, nataka kuizima leo, kwa kuwa wameletewa antena ya pili.

Akauliza kwa adabu, “Papa, laini gani?”

Nikamweleza upya. Akasema samahani, hakujua kama kulikuwa na kitu kama hicho. Kwake barua zilikuwa zinaenda tu, hata siku za mvua. Nikamwambia haina shida. Nikaandika namba ya ruta kwenye daftari, nikaangalia kwa mara ya mwisho kama kuna ujumbe uliokataliwa, nikaona hakuna hata mmoja, nikazima.